Moyo Uliopiga Mara Kumi

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la ushonaji, pale njia ya vumbi inapoingia barabara ya lami, na mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali. Mimi hukaa mwisho kabisa, karibu na sanduku langu la gundi na nyundo, maana ni fundi viatu na mikono yangu haijui kukaa bure hata masikio yakiwa na kazi nyingine. Katikati hukaa Breki, dereva wa lori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu akianza kusema hana. Mwenye duka tunamwita Hakimu. Ni fundi cherehani, na huamua ugomvi wetu wote akiwa na pini mdomoni. Kahawa ni ya Mama Birika, na bila yeye tungekuwa watu waliokaa tu barabarani. Na upande wa kivuli hukaa Mzee Salama. Huyu hata ukimwambia paa la nyumba yake limeruka na upepo, atakujibu salama. Asubuhi hiyo tulikuwa tunabishana kama lori likishuka mlima linachoka au linapumzika, pikipiki ikaja mbio, na kabla haijasimama vizuri abiria wake alikwisha kuruka.

Alikuwa binti yake Mzee Salama. Tunamwita Injinia, kwa sababu anatengeneza programu za kompyuta katika ofisi moja mjini, na kwetu mtu yeyote anayefanya kazi tusiyoielewa ni injinia. Ni mtoto wa adabu, hajawahi kupita hapa bila kutuamkia mmoja mmoja. Siku hiyo hakutoa shikamoo hata moja. Alikwenda moja kwa moja kwa baba yake, akamwekea vidole viwili shingoni.

— Baba!

— Salama, mwanangu.

— Baba, moyo wako unapiga mara kumi kwa dakika!

Mzee akatazama kikombe chake, kisha akatutazama sisi kama anayetafuta shahidi.

— Kumi ni chache?

— Baba, kobe aliyelala anakushinda!

— Lakini nipo. Nakunywa kahawa.

— Yake naichanganya maji mpaka inakuwa kama ya mtoto mchanga, Mama Birika akawahi kujitetea.

Injinia akaacha vidole vyake shingoni mwa baba kwa muda, midomo ikihesabu bila sauti. Kisha akakaa juu ya sanduku langu la gundi, akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka.

— Wiki hii umeniua sana, mzee akamwambia polepole. Umeniua nikiwa naoga. Umeniua nikiwa nasikiliza taarifa ya habari. Juzi umeniua, ukaleta na jirani mwenye gari, mimi nimefunga mlango nimelala zangu. Mlango wenyewe mliouvunja mpaka leo haufungiki.

Nikuelezee kidogo, usije ukamwona binti huyu ana wasiwasi wa bure. Miezi michache nyuma, Mzee Salama alianguka jikoni. Binti yake akapiga simu kama kawaida yake mchana. Mzee akaipokea akiwa bado yuko sakafuni, hawezi kuinuka, akaulizwa hali, akasema salama. Injinia akaendelea na kazi zake. Alimkuta jioni, pale pale alipoangukia, midomo imekauka. Madaktari walisema ni moyo, wakampa dawa. Tangu hapo Injinia akaacha kuamini neno salama. Akamnunulia baba yake mkanda wa mkononi unaosoma mapigo ya moyo, akatengeneza programu yake mwenyewe ya kumletea habari ofisini, na mapigo yakishuka sana simu yake inapiga king'ora.

Sasa king'ora kilikuwa kinapiga, na mzee alikuwa mzima.

— Si ukizime tu? Breki akasema. Kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji.

— Chura huyo ni wa kwingine, Hakimu akamkemea kupitia pini. Na mnyama mwenyewe umembadilisha.

— Jana nilikizima, Injinia akasema. Nilikuwa na kikao. Nikakaa mle ndani kama mtu aliyemwacha mtoto kando ya kisima. Sikusikia hata neno moja. Nikikizima, na siku hiyo ikawa kweli? Na nisipokizima, nitakuwa nakimbia kila siku mpaka kazini wanifukuze, na baba nimfanye mgonjwa wa maneno yangu.

Mama Birika akamtilia binti kikombe, akamfungia vidole vyake juu yake.

— Kunywa. Halafu utueleze hicho kidude kina nini. Huenda kuna mwenye akili hapa.

— Akili ni nywele, Breki akasema, na akapapasa upara wake, tukacheka, na Injinia naye akacheka.

Akatoa kompyuta yake kwenye begi, akaifungua magotini. Mwendesha pikipiki, mgeni kwetu, alibaki amekaa juu ya pikipiki yake, maana aliambiwa asubiri amrudishe abiria wake kazini.

— Iko hivi, Injinia akaanza. Kila dakika mkanda unaniletea ujumbe mmoja. Ujumbe huo ni namba tupu, hauna maneno. Uuone kama nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi na viwili. Kila chumba kina namba moja, sisi tunaita baiti. Chumba cha kwanza ni hatua alizotembea baba katika dakika ile. Cha pili ni mapigo ya moyo. Vinavyobaki ni mambo mengine, joto la mwili, betri, na kadhalika. Programu yangu haigongi hodi kuuliza nani anakaa wapi. Inakwenda chumba cha pili, inasoma, basi.

— Sawasawa, akasema Hakimu. Mpangilio mzuri.

— Tatizo, ujumbe mwingine unafika una vyumba kumi na vitatu.

— Wee!

— Haki ya Mungu. Mkanda umetuma kumi na mbili, mimi nimepokea kumi na tatu. Sasa akiingia mpangaji mmoja asiyetakiwa, wote wanasogea. Ninayemkuta chumba cha pili siye wa chumba cha pili. Kumbe nasoma namba ya mtu mwingine nikidhani ni moyo wa baba.

Breki akaweka kikombe chini. Nilijua basi tena.

— Huyo ni abiria wa kudandia! Nimeendesha lori maisha yangu yote, nawajua. Unaondoka stoo umefunga turubai mwenyewe, unafika, unakuta mtu kalala juu ya magunia. Ukimwuliza umepandia wapi, hasemi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo ni ya kumkaribisha mgeni, nikamwambia.

— Ndiyo! Si amekaribia?

— Mimi naona ni hali ya hewa, nikasema, maana nami nina haki yangu ya kuongea upuuzi. Ngozi ikipata unyevu inavimba. Kiatu ulichokikata saizi sawasawa asubuhi, jioni hakiingii kwenye kalibu, ule mguu wa mti tunaoundia viatu. Hizo namba zinapita hewani, sivyo? Na wiki hii kumekuwa na mawingu.

— Namba hazina ngozi, fundi, Injinia akanijibu.

— Umezishika?

Hakimu akatoa pini moja mdomoni, ishara ya kwamba mahakama imekaa.

— Mnazungumza kama watoto. Wapangaji kumi na wawili wakiwa kumi na watatu, ukiuliza nyumba yoyote ile watakwambia: mmoja ameoa. Kamwingiza mke kimyakimya bila kumwambia mwenye nyumba.

— Au amezaa, Mama Birika akaongeza. Msiwasingizie wanaume peke yao. Namba zinakaa pamoja gizani humo siku nzima, unategemea nini? Mimi watoto wangu wote walikuja bila taarifa.

— Haba na haba hujaza kibaba! Breki akapiga goti. Leo kumi na tatu, kesho kumi na nne, ifikapo mwisho wa mwaka Mzee Salama anatuma kijiji kizima kwa simu!

Mzee mwenyewe alikuwa anafurahi. Alikuwa amesahau kwamba ni moyo wake tunaougombania.

— Au mioyo iko miwili, akasema kwa aibu kidogo. Mimi nilizaliwa mkubwa sana. Mama alikuwa akisema wakunga walitegemea pacha. Labda yule mwenzangu alibaki humu, na mara mojamoja anajibu simu.

Tulicheka mpaka Hakimu akameza hewa vibaya, na mke wa muuza matunda wa ng'ambo ya barabara akatoka kutazama kuna nini. Lakini Injinia hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameinama juu ya kompyuta, na uso wake umetulia, kama uso wa mtu anayetafuta sindano iliyodondoka na amekwisha kuamua haondoki bila sindano.

— Subirini, akasema. Mimi kosa langu nimekuwa nakisia, kama nyie. Nabadilisha hiki, nakimbia. Nabadilisha kile, nakimbia. Sijawahi kukaa nikazitazama hizo namba zenyewe, moja moja, zilizonyooka na zilizoharibika, ubavu kwa ubavu. Nisaidieni kusoma. Baba Mdogo, wewe utanisomea zile nzuri. Mzee Breki, zile mbovu.

Baba Mdogo ni Hakimu. Amekua akimwita hivyo. Injinia akazipanga namba kwenye kioo cha kompyuta, kushoto zile zenye urefu sawa, kulia zile ndefu. Hakimu akavaa miwani. Breki akamnyang'anya miwani, wakagombana, wakakubaliana kila mmoja aitumie kwa zamu.

— Nipeni vyumba vitatu vya mwanzo tu, Injinia akasema.

Hakimu akasoma kwa sauti ya hukumu:

— Sifuri, sabini na mbili, thelathini na sita. Nne, sabini na tano, thelathini na sita. Ishirini na mbili, themanini na moja, thelathini na sita.

— Hiyo sabini na themanini ndiyo moyo wa baba. Safi. Sasa ndefu.

— Kumi na tatu, kumi, sabini na nne, Breki akasoma. Kumi na tatu, kumi, sabini na sita. Kumi na tatu, kumi, sabini na tatu. Aisee! Kumi na tatu, kumi... Hawa wote wamesoma shule moja?

Injinia akainua kichwa.

— Rudia.

— Kumi na tatu, kumi. Zote zinaanza hivyo. Kumi na tatu, kumi.

— Na moyo umesogea chumba cha tatu, akasema, kama anaongea na nafsi yake. Sabini na nne, sabini na sita. Moyo upo. Muda wote ulikuwepo, chumba cha jirani. Na ile kumi niliyokuwa naiona ndiyo hatua. Baba Mdogo, kwenye zile nzuri, kuna yoyote inayoanza na kumi?

Hakimu akateremsha kidole kwenye kioo.

— Tisa ipo. Kumi na moja ipo. Nane. Kumi na moja tena. Tisa. Kumi... hapana, hakuna kumi.

— Hata moja?

— Hata ya dawa.

— Asiyekuwepo na lake halipo, Breki akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue ilikuwa karibu iwe mahali pake.

Injinia akajipiga paji la uso kwa kiganja, kofi lililosikika mpaka dukani.

— Mimi mjinga! Kumi!

— Kumi imefanya nini? Mzee Salama akauliza, amekunja mkono wenye mkanda kifuani kama anayekinga mtoto asichapwe.

— Baba, unaikumbuka ile mashine ya chapa ya mama kule ofisini kwao?

— Nitaisahauje? Nilikuwa naisikia tangu getini.

— Mama akifika mwisho wa mstari alifanya nini?

Mzee akaweka kikombe chini. Mikono yake miwili ikainuka hewani, ule wa kushoto ukasukuma kitu tusichokiona.

— Kengele inalia, ting. Halafu anakamata kile kijiti, anausukuma mkokoteni wa karatasi urudi mwanzo, na karatasi inapanda mstari mmoja. Alikuwa anausukuma kwa nguvu, mama yako. Nikimwambia taratibu, anasema ndiyo raha yenyewe ya kazi.

Akabaki kidogo na mkono wake hewani. Injinia akamsubiri.

— Basi, mambo mawili, akasema kwa sauti ya chini. Kurudi mwanzo, na kupanda mstari. Kompyuta zimerithi desturi hiyo. Zikiandika maandishi, kupanda mstari kunaandikwa kwa namba kumi. Kurudi mwanzo, kumi na tatu. Na kompyuta yangu hii, ukiiambia inaandika maandishi, ikikutana na kumi inadhani umefika mwisho wa mstari, basi inakuongezea kumi na tatu mbele yake. Haiulizi. Inakusaidia.

— Sasa wewe uliiambia inaandika maandishi? Hakimu akauliza.

— Sikuiambia ni namba tupu. Nilipofungua faili la kuhifadhia ujumbe kabla ya kuusoma, sikusema chochote, ikachagua yenyewe. Kwa hiyo baba akitembea hatua kumi kamili ndani ya dakika, si tisa, si kumi na moja, kumi, kompyuta inasema, oho, mstari mpya, inamwingiza kumi na tatu, wapangaji wote wanasogea, hatua zinakaa chumba cha moyo, na mimi napanda pikipiki nalia njia nzima.

Mama Birika akawa wa kwanza kuimeza habari hiyo.

— Kwa hiyo hakuna aliyezaa.

— Hakuna, mama.

— Na hakuna aliyedandia? Breki akauliza kwa masikitiko.

— Aliyedandia yupo, Mzee. Hapo umepata. Ila dereva mwenyewe ndiye aliyempakia.

Breki akajikuna kidevu, akaona ameshinda, akakiokota kikombe chake. Injinia akaandika kitu kwenye kompyuta. Nilichungulia nikitegemea kuona kurasa na kurasa, kumbe alichoongeza ni herufi moja, ya kuiambia kompyuta kwamba hizi ni namba tupu. Moja tu! Nimewahi kupasua soli nzima kutafuta msumari mdogo kama huo, kwa hiyo sikushangaa sana.

— Tujaribu, akasema. Baba, simama. Nikikwambia, tembea hatua kumi kamili, halafu usimame hapo hapo usitikisike mpaka dakika iishe.

Mzee Salama akasimama, akanyoosha shati lake kana kwamba anapigwa picha. Sisi tukahesabu kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza: moja, mbili, tatu... Kwenye saba Breki akapaza sauti, mzee, angalia jiwe! Mzee akaruka, akaongeza hatua mbili za kando, ikabidi turudie.

— Wewe funga mdomo, Hakimu akamwambia Breki.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Nani ameinama?

Mara ya pili hakuna aliyehesabu kwa sauti. Mzee alitembea kwa uangalifu, kisigino kwanza, kidole cha mkono wake kikipiga paja kila hatua. Akafika kumi. Akasimama katikati ya njia ya vumbi kama nguzo ya simu. Mwanamke mwenye ndoo akamzunguka akimtazama. Simu ya Injinia ilikuwa juu ya benchi, kioo juu, na sisi sote tumeinamia kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Sindano ya cherehani ya Hakimu ilikuwa imeachwa katikati ya suruali ya mtu. Nilijisikia moyo wangu mwenyewe unapiga, na nadhani haukuwa mara kumi.

Simu haikulia.

Injinia akatazama kompyuta. Akatabasamu polepole, kama jua linavyoingia chumbani pazia likifunguliwa kidogokidogo.

— Kumi, sabini na nane, thelathini na sita. Urefu kumi na mbili. Moyo wa baba, sabini na nane.

Kelele tuliyopiga, mke wa muuza matunda akatoka tena. Breki akacheza kwa mguu mmoja. Hakimu akapiga makofi, na pini zake zikamwagika zote vumbini, mpaka leo tunachomwa. Mzee Salama akauliza kutoka kule alikosimama kama sasa anaruhusiwa kutikisika.

— Rudi, baba, rudi!

Akarudi anacheka, akakaa, na Mama Birika akamtilia kikombe ambacho, nilikiona kwa macho yangu, hakikuchanganywa maji mengi kama kawaida. Injinia alipotaka kufunga kompyuta yake, mwendesha pikipiki akakohoa. Tulikuwa tumemsahau.

— Samahani, wazee wangu. Mimi hayo ya vyumba yamenipita. Ila nina swali dogo tu kwa huyu mzee.

— Uliza, kaka, Injinia akasema.

— Hizo hatua kumi, kila mara kumi, kumi. Mzee, huwa unakwenda wapi?

Breki alifungua mdomo. Haikutoka methali. Hakimu akageuka kumtazama Mzee Salama, mimi nikaacha nyundo. Tulikuwa tumezikokotoa hizo kumi asubuhi nzima, tumezipa ndoa na watoto, na hakuna aliyekuwa ameuliza hilo.

Mzee Salama akawa anazungusha kikombe chake.

— Mtu ananyoosha miguu, akasema.

— Hata leo hapa alinyanyuka, Mama Birika akakumbuka. Akaenda mpaka pale kwenye kona, inapoonekana barabara ya mjini. Akasimama. Akarudi.

Nikamwona Injinia anahesabu, macho yake hayako kwetu tena. Alikuwa yuko ndani ya nyumba ya baba yake.

— Kutoka kwenye kiti chako mpaka dirishani, akasema. Lile la mbele. Baba, lile la barabarani, ninapotokea niki...

Hakuimaliza. Mzee naye hakumsaidia kuimaliza. Alikuwa anatazama viatu vyake kama aliyegundua sasa hivi kwamba vinahitaji fundi.

— Kaka, nenda tu, Injinia akamwambia mwendesha pikipiki. Leo sirudi kazini.

Mama Birika akaliinua birika amtilie, likatoka matone mawili. Akalitikisa, akasema anakwenda kuchemsha jingine, mtu asiondoke. Breki akajisogeza bila kuambiwa, na binti akakaa pale katikati yake na baba yake, kompyuta imefungwa magotini, akatuamkia sote mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, shikamoo, kama ndiyo kwanza amefika.